Kupima Fangasi wa Mapafu kwa Damu: Uanzie Wapi, Uamini Lini

Mgonjwa ana VVU, CD4 zake (seli za kinga) ni 60. Anakohoa hii ni wiki ya tatu, na anahema kama aliyekimbia ilhali amelala. Makohozi yamepita kwenye GeneXpert, TB haikuonekana. Picha ya kifua imejaa ukungu pande zote mbili. Sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, amechomwa siku tano na homa iko palepale. Hapo ndipo mtu husema wodini, "Basi tumpime fangasi," na karatasi inashuka maabara ikiwa na neno hilohilo moja: fangasi.

Tatizo ni kwamba maabara haina kipimo kiitwacho fangasi. Ina vipimo kadhaa, au inajua pa kuvipeleka, na kila kimoja kinatafuta kitu chake. Kinachomwokoa mgonjwa huyu wa VVU kinaweza kisimsaidie lolote mgonjwa wa saratani ya damu aliyelala kitanda cha pili. Mwongozo huu ni kwa tabibu, muuguzi na mtu wa maabara anayetaka kujua aanze na kipi, achote damu vipi, na namba ikirudi aisome vipi. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma ili aelewe kwa nini daktari anaagiza kipimo hiki na kukiacha kile, ila uamuzi wa dawa ubaki kwa anayemtibu.

Kwanza, ujue damu inabeba nini

Seli ya fangasi ina ukuta, seli yetu haina. Ukuta huo umejengwa kwa minyororo ya sukari ambayo mwili wa binadamu hautengenezi. Fangasi anapoota ndani ya mapafu, vipande vya ukuta humeguka na kuingia kwenye damu, na vipimo vingi tutakavyovizungumzia vinawinda vipande hivyo. Fangasi mwenyewe mara nyingi hayumo kwenye damu, ndiyo maana damu iliyooteshwa maabara inaweza kukaa siku nyingi bila kuota kitu huku mapafu yanaangamia.

Vipande vyenye maana kwetu ni vitatu. Beta-glukani ni kama tofali: fangasi wengi wanaijengea, kwa hiyo ukiipata unajua kuna nyumba, hujui ni ya nani. Galaktomanani humwagwa zaidi na aspejilasi, fangasi wa aina ya ukungu anayetambaa kwenye mishipa ya damu ya mapafu. Cha tatu ni antijeni ya kriptokokasi, yaani ute wa ganda analojivika fangasi huyo. Kipimo chake kinaandikwa CrAg, na maabara tunakitamka "krag" tu.

Hatua ya 1: Uliza ni kinga ipi iliyobomoka

Kabla hujashika sindano, jibu swali hili. Kinga haishuki kwa namna moja, na kila tundu lina mgeni wake.

Mwenye VVU na CD4 chini ya 200, wa kufikiria kwanza ni nyumosistisi, anayeleta nimonia tunayoiita PCP. Ndiyo iliyoutambulisha UKIMWI duniani: tarehe 5 Juni 1981 Marekani ilitangaza habari za vijana watano wa Los Angeles waliougua PCP bila sababu iliyojulikana wakati ule. CD4 zikishuka chini ya 100, kriptokokasi naye anasogea karibu, na histoplazma, fangasi mwingine, hayuko mbali.

Mgonjwa wa leukemia (saratani ya damu) aliyepewa dawa kali za saratani, nyutrofili zake (seli nyeupe zinazopigana na vijidudu) zikashuka chini ya 500 kwa mikrolita na kukaa huko zaidi ya siku kumi, huyo ni wa aspejilasi, na nyuma yake mukori, ukungu wa aina nyingine. Anayemeza prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kila siku kwa mwezi mzima au zaidi, iwe kwa lupasi, kwa figo au kwa uvimbe wa ubongo, anaweza kupata PCP hata kama hana VVU, na watu husahau. Aliyepandikizwa figo anaweza kupata karibu wote hawa. Mwenye kisukari kilichopanda hadi damu ikajaa asidi, mwogope mukori.

Kisha uliza jambo moja dogo ambalo fomu nyingi hazina nafasi yake: anameza Septrin, dawa inayozuia na kutibu PCP, kila siku? Siyo "ameandikiwa", bali "anameza". Aliyeimeza bila kukosa miezi yote hiyo uwezekano wake wa kuwa na PCP ni mdogo sana, na namba utakayoletewa baadaye utaisoma kwa jicho jingine. Andika haya yote kwenye fomu ya maabara. Fomu yenye "VVU, CD4 60, hamezi Septrin, ukungu pande mbili" humsaidia mtu wa maabara kukupigia simu na kukwambia cha maana.

Hatua ya 2: Mambo yasiyosubiri

Kidole kwenye kipima oksijeni. Ikiwa chini ya asilimia 90, oksijeni kwanza, maswali baadaye. Pima TB kwa makohozi, na kama ni mwenye VVU aliyelazwa na hali mbaya, pima pia mkojo kwa kipimo cha TB kiitwacho LAM. TB ikipatikana, usifunge jalada. TB na PCP hukaa ndani ya kifua kimoja bila kugombana, na mgonjwa anayezidi kubanwa pumzi baada ya wiki ya dawa za TB anastahili kuangaliwa upya.

CRP na prokalsitonini, vipimo vya damu vya kuonyesha kwamba mwili unapambana na ugonjwa, usizitegemee kumtaja fangasi. CRP hupanda kwa kila moto. Prokalsitonini ya chini inaweza kukusogeza mbali na bakteria, lakini haikufikishi kwa fangasi. LDH, kimeng'enya kinachovuja seli zikiumia, mara nyingi iko juu kwenye PCP, na iko juu pia kwenye TB iliyosambaa, histoplazma, limfoma na damu inayovunjika. Nikiona LDH ya kawaida kabisa kwa mgonjwa mwenye VVU, PCP naipunguzia uzito kidogo. Zaidi ya hapo siitumii.

Hatua ya 3: Chota damu ukijua inakwenda wapi

CrAg haina makuu: seramu au plazma, chupa ya kifuniko chekundu au ya zambarau, na mara nyingi unaweza kutumia damu ileile iliyochotwa kwa ajili ya CD4.

Beta-glukani ndiyo yenye makuu. Glukani iko kwenye vumbi, kwenye pamba, kwenye shashi. Kipimo kinahesabu pikogramu, yaani sehemu ya trilioni ya gramu, kwa hiyo unyuzi mmoja wa shashi unaweza kukuzushia ugonjwa. Tumia chupa mpya iliyofungwa, usiifungue wodini, na usihamishe seramu kwenye vichupa vilivyooshwa vikarudiwa. Seramu itenganishwe mapema, na mwenye kuitenganisha atumie ncha za pipeti zilizothibitishwa hazina glukani. Nimeona kazi nzuri ya siku mbili ikiharibiwa na mtu aliyefuta mdomo wa chupa kwa pamba, kwa nia njema kabisa.

Jambo la pili ni saa. Chota kabla ya kumpa albumini au imunoglobulini ya mshipani, kwa sababu bidhaa hizo huchujwa kwa vifaa vinavyoacha glukani ndani yake. Anayesafishwa figo, andika hivyo kwenye fomu, maana vichujio vya selulosi huipandisha. Aliyetoka upasuaji mkubwa akiwa amejazwa shashi tumboni naye aandikwe.

Galaktomanani inapimwa kwenye seramu. Kama itasafiri hadi maabara ya rufaa, ikae baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na isifunguliwe. Kama itasubiri zaidi ya siku chache, igandishwe kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza la kawaida la kuhifadhia barafu silo hilo.

Na ingawa damu ikichotwa kabla ya dawa ndiyo bora, usimnyime mgonjwa dawa kwa kusubiri chupa. Mgonjwa wa PCP anayehitaji oksijeni apewe Septrin ya dozi ya tiba leo. Glukani haishuki kwa siku moja, damu ya kesho asubuhi bado itakwambia.

Hatua ya 4: CrAg, kabla ya kingine chochote kwa mwenye VVU

Kama hospitali yako ina uwezo wa kipimo kimoja tu kati ya vyote, kiwe hiki. Ni ukanda mdogo kama wa kupima mimba, hauhitaji mashine, na jibu liko tayari ndani ya dakika 10. Unaweka tone moja la kimiminika cha kuzimulia kwenye kichupa, unaongeza mikrolita 40 za seramu, unatumbukiza ukanda, unaangalia saa. Mstari mmoja wa kudhibiti ni hasi. Mistari miwili ni chanya, hata wa pili ukiwa umefifia kiasi cha kukufanya uuinue kwenye mwanga. Mstari uliofifia ni mstari.

Nguvu ya CrAg ni kwamba inatangulia. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba antijeni ilikuwa tayari imo kwenye damu kabla ya dalili za uti wa mgongo, kwa wastani wa kati wa siku 22. Wiki tatu! Huyu anayekohoa mbele yako, asiyelalamika kichwa, anaweza kuwa ndani ya wiki hizo. Na faida yake si ya kubuni: katika utafiti wa REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa 2015, wagonjwa waliokuwa na CD4 chini ya 200 wakapimwa CrAg na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za ARV walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kutembelewa nyumbani kulikuwa sehemu ya dawa, tusiupe ukanda sifa zote.

Ikirudi chanya, fanya mambo kwa mpangilio huu. Toa maji ya uti wa mgongo hata kama kichwa hakiumi, kwa sababu takriban thuluthi moja ya wenye CrAg chanya wasio na dalili tayari wana kriptokokasi kwenye ubongo. Huu ndio mlima wenyewe, maana ndugu wengi wanaamini sindano ya mgongo ndiyo inayoua. Kaa nao chini. Usiseme "tunatoa sampuli", waambie: "Huyu mdudu ameonekana kwenye damu. Tunataka kujua kama amefika kichwani, kwa sababu dawa ya kichwani ni tofauti na ya kifuani." Wakikataa, tibu hivyohivyo kama mwongozo wa nchi unavyosema, na uombe tena kesho.

Maabara ikiweza kuzimua sampuli na kukupa taita, yaani kiwango cha mwisho cha kuzimua ambacho bado kinatoa chanya, iombe. Ikifika 1:160 au kupita, hatari ya ubongo na ya kifo inapanda, na mgonjwa kama huyo aliyekataa kutobolewa mgongo simtazami kama mwenye ugonjwa wa kifua peke yake.

Maji ya mgongo yakiwa na kriptokokasi, tiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 ni dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Ilitokana na jaribio la AMBITION lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. ARV kwa mgonjwa huyu zisubiri wiki nne hadi sita, la sivyo kinga inayoamka ghafla itauvimbisha ubongo. Maji yakiwa safi, flukonazoli ya dozi kubwa inatosha kwa wengi.

Sasa kosa ambalo hata wazoefu tunalifanya. CrAg chanya haithibitishi kwamba nimonia iliyopo ni ya kriptokokasi. Inathibitisha kwamba kriptokokasi yumo mwilini. Ukungu wa pande mbili na oksijeni ya 82 bado vinaweza kuwa PCP, na flukonazoli haitaigusa. Nyumosistisi ni fangasi wa ajabu, utando wa seli yake hauna ergosteroli, mafuta ambayo flukonazoli na amfoterisini huyalenga. Kwa hiyo Septrin isisimamishwe kwa sababu "tumeshapata jibu".

Na hasi je? Kwa mwenye VVU aliyeishiwa CD4, CrAg hasi ya seramu inakaribia sana kumtoa kriptokokasi. Tahadhari mbili. Kwa asiye na VVU, mwenye uvimbe mmoja tu wa kriptokokasi kwenye pafu, damu inaweza kuwa hasi. Na mara chache sana antijeni huwa nyingi kupita kiasi hadi mstari unashindwa kujichora. Ukiwa na shaka kubwa, omba sampuli izimuliwe na kurudiwa.

Hatua ya 5: Beta-glukani, na kwa nini naipenda ikiwa hasi

Kipimo hiki hakipo kila mahali kwetu, mara nyingi sampuli inasafiri na ankara inamfuata mgonjwa. Basi kiagizwe mahali kinapolipa, na mahali penyewe ni PCP.

Tufanye hesabu ya kiganjani. Chukua wagonjwa 100 wenye VVU waliolazwa kwa nimonia isiyoeleweka, tuseme 20 wana PCP kweli. Kipimo kinanasa takriban 95 kati ya kila 100 wenye ugonjwa, na kinawaachia huru kama 85 kati ya kila 100 wasio nao. Kwa wale 20, kitawanasa 19 na kumkosa mmoja. Kwa wale 80, kitawaachia 68 na kuwasingizia 12. Majibu hasi yatakuwa 69, na ndani yake amejificha mwenye PCP mmoja tu. Majibu chanya yatakuwa 31, na ndani yake 12 hawana PCP.

Unaona kipimo kinaelemea upande gani. Hasi yake inakuruhusu kuacha Septrin ya dozi kubwa, ambayo siku 21 zake si mchezo: potasiamu inapanda, ngozi inababuka, damu inashuka. Chanya yake inakwambia tu "endelea kutafuta". Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu haya yana vyanzo vingi.

Mazungumzo ya simu kati ya maabara na wodi huwa hivi:

"Dokta, glukani ya kitanda namba sita imefika. Zaidi ya 500."

"Mh. Kandida mdomoni anayo, lakini hiyo haiwezi kufikisha 500."

"Yuko kwenye kusafishwa figo?"

"Hapana. Ila juzi alipewa albumini, chupa mbili."

"Na damu hii ni ya lini, Dokta?"

"Ya jana."

Hapo jibu limeshapoteza nusu ya thamani yake, na suluhisho ni kurudia damu baada ya siku chache, kama hali ya mgonjwa inaruhusu.

Namba zenyewe zinategemea kiti, yaani seti ya vifaa vya kupimia vya kampuni fulani. Kwenye Fungitell, chini ya pikogramu 60 kwa mililita ni hasi, 60 hadi 79 ni katikati, 80 na kuendelea ni chanya. Kipimo cha Wako cha Japani kina mpaka wa 7. Mgonjwa aliyehamishwa kutoka nje akiwa na jibu la 40 anaweza kuwa chanya au hasi, inategemea limepimwa kwa kiti kipi, kwa hiyo soma jina la kiti kabla ya kusoma namba. Wenye PCP wengi huwa mbali sana juu ya mpaka, katika mamia. Jibu la 85 kwa mtu anayemeza Septrin yake vizuri halinitikisi sana.

Kwa asiye na VVU, kama mama wa lupasi anayemeza prednisoloni, fangasi huwa wachache ingawa mapafu yamewaka zaidi. Kipimo hukosa wengi zaidi kwa kundi hili. Hasi isikutoshe kumwachisha tiba ikiwa picha na mwendo wa ugonjwa vinasema PCP.

Glukani haisemi lolote kuhusu mukori, ambaye ukuta wake karibu hauna glukani ya kupimika, na kwa kriptokokasi mara nyingi iko kimya. Na usiitumie kuhesabu siku za kupona. Inashuka polepole, mgonjwa anaweza kuwa ameshatembea nyumbani kwake na namba bado iko juu.

Hatua ya 6: Galaktomanani, kipimo cha wodi ya saratani

Hapa tunahama wodi. Galaktomanani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na nyutrofili. Zikiwepo, nyutrofili huzuia ukungu usitambae na huufagia uchafu wake, ndiyo maana kwa mgonjwa wa leukemia kipimo cha damu kinanasa kama saba au nane kati ya kumi wenye aspejilasi, ila kwa aliyepandikizwa figo au mapafu kinawakosa wengi kupita kiasi. Kwa hao wa pili, maji ya kuoshea mapafu yaliyochukuliwa kwa kamera yana faida kubwa kuliko damu. Miongozo ya Marekani ya 2016 haishauri kuwapima damu hawa wa viungo kama utaratibu wa kawaida, na nakubaliana nayo.

Jibu linakuja kama faharasa, namba isiyo na kipimo. Mtengenezaji wa Platelia, kiti cha galaktomanani, anasema 0.5 na kuendelea ni chanya. Vigezo vya kimataifa vya EORTC/MSGERC vya 2020 vinataka 1.0 kwa seramu moja. Vigezo hivyo viliandikwa kwa ajili ya utafiti, siyo kukufunga mikono kitandani. Mimi nafanya hivi: kuanzia 1.0, kwa mgonjwa mwenye tundu la kinga linalolingana na CT (picha ya kina ya kifua) yenye vinundu, ni aspejilasi hadi ithibitishwe vingine. Kati ya 0.5 na 1.0, chota nyingine keshokutwa na upeleke CT leo. Picha ya kawaida ya kifua huchelewa sana hapa.

Mgonjwa asiye na nyutrofili ambaye hapewi dawa ya kuzuia ukungu anaweza kupimwa mara mbili kwa wiki. Anayepewa posakonazoli ya kinga usimpime kwa mazoea. Ugonjwa kwake ni adimu, na dawa yenyewe hupunguza galaktomanani, kwa hiyo chanya nyingi utakazopata zitakuwa za uongo. Subiri homa mpya au picha mpya, ndipo upime.

Vyanzo vya chanya ya uongo ni vya kukariri: maji ya dripu yenye glukoneti kama Plasma-Lyte, utumbo ulioungua kwa dawa za saratani ukapitisha vyakula, na zamani baadhi ya matoleo ya piperasilini-tazobaktamu. Yapo pia makosa yenye faida. Histoplazma huwasha galaktomanani, kwa hiyo mwenye VVU mwenye CD4 40, ini na bandama zilizovimba, aina zote tatu za seli za damu zimeshuka, na galaktomanani chanya, mfikirie histoplazma kabla ya aspejilasi.

Namba ya galaktomanani, tofauti na glukani, inafuatana na mgonjwa. Ikishuka wiki hadi wiki mgonjwa akiwa kwenye vorikonazoli, dawa ya aspejilasi, basi dawa inafanya kazi. Ikiendelea kupanda, badilisha kitu.

Jambo la pembeni, kwa sababu linachanganywa kila siku: aliyemaliza dawa za TB miaka iliyopita, akabaki na shimo kwenye pafu na sasa anatema damu, hahitaji galaktomanani ya damu. Ugonjwa wake ni aspejilasi sugu, na kipimo chake ni kingamwili ya IgG dhidi ya aspejilasi pamoja na picha. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliwapata watu wa namna hii miongoni mwa waliokwishatibiwa TB. Wengi wa aina hii hurudishiwa dawa za TB mara ya pili na ya tatu.

Hatua ya 7: Wanaokwepa vipimo hivi

Histoplazma anakamatwa vizuri zaidi kwenye mkojo kuliko kwenye damu, kwa kipimo cha antijeni. Yupo kwetu: amepatikana miongoni mwa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi. Mukori hana glukani ya kupimika wala galaktomanani. Vyote viwili vikiwa hasi, mgonjwa ana kisukari kibaya au leukemia, na CT inaonyesha uvimbe unaokua kwa siku, usingoje damu. Kuna kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za mukori kwenye seramu, kinachotumika Ulaya, kwa sisi wengine ni kipande cha nyama kinachokatwa na daktari wa upasuaji, na dawa ni amfoterisini, siyo vorikonazoli.

Hatua ya 8: Andika uamuzi kabla ya jibu

Kwenye faili, siku ya kuchota damu, andika mistari miwili: kikiwa chanya nitafanya nini, kikiwa hasi nitafanya nini. Mistari hiyo ikifanana, rudisha chupa kwenye droo, mpunguzie mgonjwa gharama. Kwa mgonjwa wetu wa mwanzo, mwenye CD4 60, mistari yangu ingekuwa hivi. CrAg leo: chanya, naomba maji ya mgongo leo hiihii na Septrin inaendelea; hasi, kriptokokasi nje. Glukani, ikipatikana: hasi, naacha Septrin ya tiba, narudi kwenye ya kinga, na kutafuta TB upya; chanya na iko juu sana, namaliza siku 21, na kwa kuwa oksijeni yake iko chini, prednisoloni inaanza pamoja na Septrin, isingoje jibu.

Hatua ya 9: Siku ya kuruhusiwa

CrAg hubaki chanya kwenye damu miezi mingi baada ya kutibiwa, wakati mwingine miaka. Usiirudie kuangalia kama amepona, na mwambie mgonjwa hivyo kwa mdomo. Kisha chukua kadi yake ya kliniki na uandike kwa herufi kubwa tarehe ya CrAg chanya, taita kama ilipimwa, majibu ya maji ya mgongo, na siku flukonazoli ilipoanza. Atakwenda kuchukua ARV kituo kingine, mtu atampima CD4, ukanda utawekwa tena kwenye kichupa na mistari miwili itatokea. Anayeishika kadi siku hiyo ajue mistari ile ni ya lini.